Bibi aliacha beti mbili, ami anataka nusu ya wimbo

BARUA

Assalaam alaykum, wapendwa washauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, naishi Unguja, na nimezaliwa katika nyumba ya muziki. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mwimbaji na mtunzi wa taarab. Alifariki mwaka 1998, babu alishatangulia. Baba anapiga fidla katika kikundi tangu ujana wake, na ami, mdogo wake baba, anapiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Mimi naimba, napiga gitaa na udi kidogo, na tangu nina miaka 19 natunga nyimbo zangu. Sipo chini ya lebo yoyote.

Mwaka jana nilivuka Dar es Salaam nikarekodi nyimbo tano. Nililipa shilingi 150,000 kwa kila wimbo, kwa simu, bila ya mkataba. Mbili kati ya hizo prodyuza amezitia kwenye chaneli yake ya YouTube bila ya kuniuliza. Nilipompigia alisema masta, yaani rekodi zenyewe, ni zake kwa sababu biti, yaani mdundo, ni yake. Tena sauti yangu kaipitisha kwenye mashine ya kunyoosha. Baba aliposikia wimbo wa tatu alisema, "Hii si sauti yako, na hii si rast." Rast ni mojawapo ya mizani za Kiarabu tunazoimbia taarab.

Huo wimbo wa tatu ndio wenye mgogoro. Una beti nne, mbili za bibi kutoka kwenye daftari lake, mbili zangu. Muziki wa beti aliutunga baba zamani, wa kiitikio nimeutunga mimi. Ami kasikia nataka kuutoa mtandaoni, anasema nusu ya mapato ni ya ukoo na akabidhiwe yeye aigawe. Shangazi zangu wawili hawajaambiwa kitu.

Kuna lebo inataka kunisaini miaka mitano. Wao watagharamia kila kitu, mimi nipate asilimia 30. Kwa sasa naimba hotelini na wenzangu watatu kwa 60,000 usiku mmoja. Akiba yangu ni 2,500,000. Nataka kujitegemea, na sitaki kugombana na wazee wangu. Nianzie wapi?

Mjukuu, Unguja

MAJIBU

Waalaykum salaam, mwanetu.

Anzia kwenye karatasi ya wimbo wa tatu. Studio, lebo na mtandao vyote vingoje, kwa sababu hakuna hata kimoja utakachokifanya salama kabla hujajua nini ni chako na nini si chako.

Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na muziki. Ya pili ni rekodi, yaani hiyo sauti iliyonaswa studio siku ile. Wenyewe wanaweza kuwa tofauti kabisa. Ami anazungumzia utunzi, prodyuza anazungumzia rekodi, na lebo inazitaka zote mbili. Ukizichanganya utajikuta unamjibu ami kwa hoja za prodyuza.

Tuanze na utunzi. Haki ya mtunzi huzaliwa pale anapotunga, haihitaji muhuri wa mtu. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, namba 14 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya huku. Bara wana yao, namba 7 ya mwaka 1999, chini ya COSOTA, ofisi yao ya hakimiliki. Ulinzi unadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hapo ndipo daftari la bibi linapoingia. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alifariki 1950, kwa hiyo zile alizozitunga mwenyewe ulinzi wake umeshakwisha. Bibi yako amefariki 1998. Beti zake zina wenyewe mpaka mwisho wa mwaka 2048, na wenyewe hao ni warithi wake wote. Si ami peke yake, si baba peke yake, wala si wewe.

Sasa hesabu. Desturi iliyozoeleka ni nusu ya utunzi kuwa maneno na nusu muziki. Maneno ni beti nne: mbili za bibi ni asilimia 25, mbili zako ni 25. Muziki: beti ni za baba, 25, kiitikio ni chako, 25. Fungu la bibi linaingia kwenye mirathi. Ikiwa warithi ni watoto wake wanne tu, wanaume wawili na wanawake wawili, mirathi ya Kiislamu inaligawa mafungu sita: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Kwa hiyo baba anapata 8.33 juu ya 25 zake, jumla 33.33. Ami anapata 8.33. Kila shangazi 4.17. Wewe una 50. Ikiwa kuna mrithi mwingine ambaye hukumtaja, au mtoto aliyefariki baada ya bibi akaacha watoto wake, hesabu inabadilika. Pelekeni suala kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mkagawiwe sawasawa.

Ami ameomba ashike 50, fungu lake mwenyewe ni 8.33, na shangazi ambao hawakuitwa nao wana mafungu yao. Ni jambo zito kulisema mbele ya mtu mzima, kwa hiyo asilisikie kwako. Mpelekee baba hesabu kwanza, kwa maandishi, na baba aitishe kikao cha ndugu wote wanne, yeye akiwemo. Wewe kaa nyuma, jibu ukiulizwa.

Kuna mawili ya kumuuliza baba faraghani kabla ya kikao hicho. Je, zile beti za daftari ni za bibi kweli, au aliziandika kwa kuzisikia? Watu wa zamani walinakili mashairi ya wenzao na ya wahenga kwenye daftari moja na yao wenyewe. Na je, ule muziki wa baba uliwahi kupigwa na kikundi kama wimbo wa kikundi? Vikundi vingi vya taarab huhesabu wimbo uliotungiwa kikundi kuwa mali ya kikundi. Ikiwa ndivyo, ombeni barua ya ruhusa kwa katibu wao, mistari mitano inatosha, wakati uhusiano bado mzuri. Daftari lenyewe lipigeni picha kila ukurasa, kwenye mwanga wa dirishani, kabla halijaliwa na mende. Kama limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mtafuteni anayezisoma vizuri akanakili beti zile mbili kwa herufi za kawaida, na nakala hiyo iambatanishwe kwenye karatasi ya mgao.

Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja: jina la wimbo, tarehe, jina kamili la kila mmoja na namba ya kitambulisho, alichochangia, asilimia yake, sahihi. Jumla lazima iwe 100. Kila mwenye fungu abaki na nakala. Kisha kausajili wimbo COSOZA kwa mgao huohuo. Usajili hauzalishi haki, lakini siku ya ugomvi ndio ushahidi.

Halafu waelezeni wazee fedha ni ngapi hasa, kwa sababu nusu ya ugomvi huletwa na fedha za kufikirika. Msambazaji wa mtandaoni, yaani kampuni inayozipeleka nyimbo kwenye mitandao ya muziki, humlipa mwenye rekodi, na ndani ya malipo hayo fungu la utunzi haliji limetengwa. Mkubaliane wenyewe: gharama za kurekodi zikisharudi, katika kila shilingi 100 zinazoingia, 20 ziende kwenye utunzi. Ikija 100,000, utunzi unapata 20,000: wewe 10,000, baba 6,666, ami 1,666, kila shangazi 834. Na Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, tangu 2024 hawalipi chochote kwa wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Mkiziona namba hizi mezani, sauti zinashuka zenyewe. Ami ana njia nyingine ya heshima zaidi: apige kanuni kwenye rekodi mpya, alipwe kama mpigaji siku hiyohiyo, na jina lake liandikwe.

Tukija kwa prodyuza: kupiga kinanda kwa malipo hakumfanyi mtu kuwa mtunzi wa wimbo wako. Lakini kama alibuni mwenyewe mdundo na ule muziki wa ufunguzi, ana hoja ndogo upande wa utunzi, na bila ya mkataba anaweza pia kudai kwamba yeye ndiye mtayarishaji wa rekodi. Wewe una risiti za 750,000 kwenye simu. Zipige picha, pamoja na mazungumzo ya WhatsApp yanayoonesha nani alimwita nani na kwa kazi gani, uzihifadhi nje ya simu hiyo. Kisha mwandikie barua ya upole yenye siku 14. Mwombe vitu vitatu: akiri kwa maandishi kwamba rekodi ni zako, akupe faili la kila chombo na kila sauti pekee yake (WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa, zote zikianzia sekunde ileile), na ama azitoe zile mbili au azihamishie kwako. Mpe na kitu: jina lake kama prodyuza, na asilimia 10 ya utunzi kwa nyimbo ambazo kweli alibuni muziki. Muulize pia kama alizipitisha kwa msambazaji na zikapewa namba za ISRC. Namba hiyo ya tarakimu na herufi 12 ndiyo pasipoti ya rekodi. Akikupa, itumie ileile, na hesabu ya waliosikiliza haitapotea.

Asipojibu, YouTube wana fomu ya kuomba kazi iondolewe. Itumie ukiwa na uhakika, maana ni tamko la kisheria: yeye akipinga, utakuwa na siku 10 za kazi kuonesha kwamba umefungua shauri mahakamani, la sivyo video inarudi. Na usithubutu kuzipandisha nyimbo hizo mbili kwako wakati ugomvi haujaisha. Mfumo utaona sauti moja ina wenyewe wawili, na wa pili ndiye atakayezuiwa, ambaye ni wewe.

Lebo isikuchukulie muda mrefu. Tuseme wametumia 10,000,000 kwako, na mapato yakaja 12,000,000. Fungu lako la 30 ni 3,600,000, lakini kwanza linalipa gharama zao, kwa hiyo hupati kitu na bado unadaiwa 6,400,000. Wao wameshika milioni 12 zote. Gharama zikikatwa kwenye jumla kabla ya kugawana, ungepata 30 ya milioni mbili, yaani 600,000, na hudaiwi. Maneno mawili tu kwenye mkataba yanaleta tofauti hiyo. Angalia pia kifungu kinachosema nyimbo zote utakazotunga ndani ya miaka mitano ni zao. Na wimbo wa tatu huwezi kuusaini hata ukitaka: nusu yake ni ya wazee wako, na lebo itakutaka uthibitishe kwamba ni wako wote. Kwa hali uliyonayo, tungekataa.

Akiba yako inatosha kwa nyimbo tatu, si tano. Milioni moja ya kurekodi upya, 500,000 ya wapigaji na nauli zao za mazoezi, 300,000 ya picha na video moja mliyopiga laivu bila ya kukata, 200,000 ya msambazaji na usajili. Inabaki 500,000, usiiguse. Siku boti imeahirishwa au mpigaji kaumwa, hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Usambazaji wenyewe si mgumu. Picha ya jalada ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000, wimbo kwa WAV wa biti 24, majina ya watunzi yaandikwe kamili, na upandishe wiki nne kabla ya siku ya kutoka, kwa sababu Spotify wanataka uwaombe nafasi kwenye orodha zao angalau siku saba kabla. Soma masharti: wasambazaji wa ada ya mwaka wanaweza kuzishusha nyimbo ukiacha kulipa, wa kulipia mara moja huchukua asilimia fulani ya kila kinachoingia. Utaletewa fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, ijaze. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo asilimia 30 ya kinachotoka kwa wasikilizaji wa huko itakatwa, lakini ukiiacha tupu YouTube wanaweza kukata mpaka 24 ya mapato yako ya dunia nzima.

Hotelini, 60,000 mkitoa 15,000 ya usafiri mnabaki na 11,250 kila mmoja. Acha kuuza kitu kimoja kwa bei moja. Uza wewe na fidla ya baba, watu wawili, kwa bei hiyohiyo ya 60,000. Kundi la wanne liwe na bei yake, lisishuke chini ya mara mbili ya hapo, nusu mkononi kabla ya siku. Kwenye harusi andika kabisa fedha za kutunza ni za nani, mwimbaji au kundi, maana hizo huvunja makundi kuliko malipo yenyewe. Miezi ya masika hoteli zinapopoa, fanyeni mazoezi. Ukitaka kuomba Sauti za Busara, tamasha la muziki la Februari hapa Unguja, wao wanataka muziki unaopigwa laivu, kwa hiyo ile video isiyokatwa ndiyo watakayoitazama. Na kibali cha msanii: BASSFU, baraza la sanaa la huku, na BASATA, baraza la Bara, ukienda kufanya kazi kule.

Sasa lile la baba, "hii si rast". Amesikia sawasawa, na ni muhimu kuliko ulivyoliweka kwenye barua.

Rast ukianzia Do, sauti ya tatu inakaa katikati ya Mi na Mi bemoli. Mashine ya kunyoosha sauti, ikiachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida, inajua vituo 12 tu, na hicho hakimo. Kila unapoifikia hiyo Mi ya rast, mashine inakuvuta juu au chini, kwenye neno moja juu, kwenye jingine chini, na sauti inayumba. Wewe uliimba sawa. Kibaya zaidi, fidla ya baba inapiga sauti yenyewe, kwa hiyo msikilizaji atadhani fidla ndiyo iliyopotoka. Bayati, mizani nyingine, inaharibika hivyohivyo, safari hii kwenye sauti ya pili. Hijaz huvumilia kidogo.

Kwa rekodi mpya, mwambie prodyuza kabla hujavaa vipokea sauti: nyimbo za rast na bayati mashine izimwe kabisa, neno lililotoka vibaya linaimbwa tena. Kinanda kikiwepo, kishushwe Mi na Si kwa senti 50, yaani nusu ya njia kutoka kituo kimoja hadi kinachofuata. Vinanda vingi vya sasa vina sehemu ya kupangia mizani ya Kiarabu, na mpangilio huo unahifadhiwa. Kisichoweza kishike besi tu, kisiziguse sauti hizo mbili.

Kanuni ya ami iingie chumbani saa nzima kabla ya kuilinganisha. Daraja lake limekalia ngozi, na ngozi ya kisiwani imejaa unyevu. Ikiingia kwenye chumba cha kiyoyozi inakauka, inakaza, na nyuzi zaidi ya 70 zinapanda zote pamoja katikati ya wimbo. Kiyoyozi kiwashwe mapema, kisizimwe wakati wa kurekodi kwa ajili ya kelele bila ya kulinganisha upya. Bora kiwe mbali na kipaza sauti. Rekodi baba na ami pamoja, wakitazamana, wewe ukiwaimbia kwa sauti ya kuwaongoza tu. Sauti yako ya mwisho utaiweka siku ya pili, juu ya fidla na kanuni zilizokwisha kukubaliana, na baba awepo chumbani asikilize ile Mi.